Hoza wa Kwenye Hotipoti

Hotipoti ilipotua mezani kwake, Sihaba alijua hata kabla haijafunguliwa kwamba ndani hamna wali. Wali haunuki hivyo. Ilikuwa harufu ya udi uliochomwa kwa pupa juu ya kitu kilichoanza kuoza, na kama kuna jambo lililomchefua fundi huyu kuliko uvundo, ni uvundo uliopakwa marashi. La kuvunda halina ubani, wahenga walishasema. Lakini siku hizi nani anasikiliza wahenga? Watu wanasikiliza diski.

"Fundi, nisaidie huyu mwanangu," alisema mwenye hotipoti, bibi mnene aliyehema kwa jua la Korogwe. "Tangu juzi laptop haimtambui."

Huyo alikuwa Bi Mafunda, mama yake marehemu Hoza. Nyuma yake aliingia Mbelwa, mdogo wa marehemu, laptop kwapani, miwani ya jua kichwani, mtu wa kusema kabla hajaulizwa. Wa tatu alibaki kizingitini mpaka alipoitwa. Huyo alikuwa Mwantumu, mjane, kajifunika shuka jeupe toka utosini hadi vidole vya miguu, na macho yake yalikuwa yakitazama sakafu kana kwamba amekatazwa kutazama kwingine.

"Shikamoo, mama. Kaeni," Sihaba alisema, akaifungua hotipoti kwa ncha za vidole. "Kefule!"

Neno lilimtoka kabla hajalizuia. Bi Mafunda alijifanya hakusikia.

Sihaba aliujua ufundi huu tangu enzi za diski za chuma. Zile zilikuwa na adabu zake. Ikifa, imekufa. Unaisikia inagongagonga ndani, unamwambia mteja pole, mambo yamekwisha. Haikunuka, haikudai chakula. Halafu wakaja wajuzi na diski hai. Mtu anakwanguliwa nyama kidogo ndani ya shavu, nyama ile inaoteshwa mpaka inakuwa bonge la ukubwa wa kiganja, inatiwa kwenye kava lenye meno ya shaba ubavuni. Unatembea nayo mfukoni miaka na miaka, inakusikiliza unavyosema, unavyogomba, unavyocheka. Siku ukifa, wewe unakwenda, yenyewe inabaki. Ukiichomeka kwenye laptop inaongea na watu wako kwa sauti yako. Inachotaka ni joto, ndiyo maana ya hotipoti, na uji wake wa waridi kila jioni, unaolishwa kwa kidole kupitia kijimdomo kilichoachwa juu ya kava. Toba! Sihaba alizitengeneza kwa sababu ndizo zilizoletwa, lakini chakula cha mchana alikuwa haleti tena kazini.

Alianza na waya, maana mara nyingi ni waya. Akautoa wa Mbelwa uliojaa mafundo, akatia wa kwake. Kimya. Akahamisha tundu la kushoto, akahamishia la kulia. Kimya.

"Tumeshazima tukawasha," alisema Mbelwa.

"Najua. Hakuna mtu aliyewahi kuja hapa bila kuzima na kuwasha."

Akaiweka kando laptop yao, akachomeka kwenye ya kwake, ile nzito ya kazini isiyokataa kitu. Taa ya kwenye kava iliwaka, hafifu, kama kijinga cha moto kinachokaribia kuwa majivu. Kioo kikaandika: kifaa kisichojulikana. Basi waya mzima, tundu zima, laptop zote mbili nzima, umeme unaingia. Ugonjwa uko ndani, kwenye nyama.

"Si uifomati tu?" Mbelwa alishauri.

Bi Mafunda alimzaba kofi la mgongo. "Umfomati kaka yako? Una wazimu?"

Sihaba angecheka, lakini kucheka kunataka kuvuta pumzi. "Niachieni," alisema. "Keshokutwa mje."

"Keshokutwa haifai! Leo ndiyo siku ya kumsalimia mkewe. Asiposalimia leo, watu watasema eda imekwisha."

"Eda ya nani?"

"Ya huyu." Bi Mafunda aliashiria shuka jeupe kwa kidevu, hakulitaja jina.

Ikambidi Sihaba aelezwe, na kila alivyoelezwa ndivyo alivyozidi kujuta kuuliza. Hoza alikufa, akazikwa, na mvua za masika zimelipitia kaburi lake mara mbili. Mjane alikaa eda, miezi minne na siku kumi kama ilivyo ada. Ilipokaribia kuisha, mama mkwe akaichomeka diski, diski ikasema, "Mwantumu, uko wapi?" Basi ukoo ukakaa, ukaamua kwamba mume anayemwita mkewe hajafa bado, kwa hiyo hesabu ya eda ianze upya. Wakahesabu upya. Ilipokaribia kuisha tena, wakachomeka tena. Shekhe wa mtaa aliwaambia huo ni upuuzi mtupu na dhambi juu yake. Wakahama msikiti.

"Na wewe unaona sawa?" Sihaba alimuuliza mjane waziwazi.

"Haulizwi yeye," alidakia Mbelwa. "Ameolewa kwetu."

Sihaba alisonya, msonyo mrefu wa kike, ule usiohitaji tafsiri. Kabla Mbelwa hajapata la kujibu, adhana ya alasiri ililia. Bi Mafunda alijizoa kitini, akamwambia mwanawe amshike mkono. "Sisi tunakwenda kuswali. Huyu ataswali hapa hapa, hatakiwi kutembeatembea. Tukirudi tumkute mwanangu anaongea."

Walipotoka, Sihaba alivaa barakoa mbili, akaiweka diski chini ya taa, akafungua skrubu za kava.

Nimekwisha kusema kwamba ilinuka. Hapana, nilikuwa natania. Sasa ndipo iliponuka. Ulitoka uvundo wa kuvimbisha macho, shombo ya samaki na tui lililochacha, na ndani yake ule udi wa Bi Mafunda umejichanganya. Sihaba alikimbilia dirishani akaning'inia nusu ya mwili nje. Jirani muuza nyanya akamuuliza kulikoni. Akampungia mkono tu.

Alipojikaza kurudi, aliona. Nyama ya diski hai ikiwa nzima huwa ya waridi na ngumu kidogo, kama ufizi. Hii kingo zake zilikuwa kijivu, zimelainika, zinavutika utelezi. Aliigusa kwa kijiti, ikabonyea, ikabaki imebonyea. Njaa haifanyi hivyo, na joto halifanyi hivyo. Alijua kitu kimoja tu cha jikoni kinachoweza kuilainisha nyama namna ile, na kila mwanamke aliyewahi kupika kande za haraka anakijua.

"Magadi," alisema.

Shuka jeupe halikujongea.

"Umeilisha magadi, mwanangu?"

"Kidogo kidogo, shangazi," Mwantumu alijibu. "Nilikuwa nayakoroga kwenye uji. Nilidhani yatailaza tu."

"Yatailaza!"

"Mimi ndiye ninayeilisha. Tangu siku ya mazishi. Mama hajawahi, anasema ana mkono mzito." Akautoa mkono wake kwenye shuka, akaukunjua chini ya taa. Kidole cha shahada kilikuwa cheupe, kimesinyaa, ngozi imejikunja kama ya mtu aliyefua siku kutwa. "Inafyonza. Ukitia kidole inakibana, inafyonza mpaka ishibe, hata nusu saa. Halafu usiku nikilala, kidole bado nakisikia kinafyonzwa. Mume wangu alikuwa mtu mzuri, shangazi, sitamsema vibaya. Lakini hiki si yeye. Yeye alikuwa akila kwa mkono wake."

Sihaba alitaka kumpa pole, lakini pole ilikuwa ndogo mno.

"Sema imekufa," Mwantumu alisema. "Neno moja tu. Wewe ni fundi, watakuamini."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu, maana Sihaba alikuwa na jambo moja la kujivunia duniani. Mteja wake huambiwa ugonjwa wa kifaa kama ulivyo. Wenzake waliwaambia watu diski imekufa ili waibakize, ama ni nzima ili wawauzie uji. Yeye, hapana. Na hii haikuwa imekufa. Kingo zilikuwa mbovu, lakini katikati palikuwa na kipande cha waridi, kinapwita taratibu. Akiisuuza kwa maji yake maalumu, akasugua utelezi kwenye meno ya shaba, laptop itaitambua. Alijua hivyo kama alivyojua jina lake.

Basi akaisuuza. Ngoja usimhukumu upesi. Alitaka kujua ni kitu gani anachoombwa akiue. Kama ni kasuku tu, aliyekariri maneno ya mwenye nyumba, basi uongo ni mdogo na Mungu ni mwingi wa kusamehe. Alikata kingo zilizooza, zikaanguka kwenye sahani kwa mlio wa kamasi, akageuza uso, akaendelea. Akasugua shaba kwa mswaki. Akachomeka.

Kioo kikatulia. Kikaandika: diski ya Hoza, iko tayari.

Sihaba akavaa visikizio, akawasha kipaza sauti cha mezani. Mwantumu alikuwa amesogea hadi ukutani, shuka limeziba mdomo.

"Habari," Sihaba alisema, akajiona mjinga.

Kukawa na mkwaruzo. Kisha sauti ya mwanamume, ya taratibu, kama mtu aliyeamshwa usingizini: "Mwantumu?"

"Si Mwantumu."

Sauti ikakawia. Sihaba aliitazama nyama ile kwenye kava lililo wazi, ikapwita mara moja, mbili.

"Wewe nani?" ikauliza. "Mbona kuna baridi?"

Sihaba alivivuta visikizio masikioni kana kwamba mmeingia mende. Kasuku haulizi wewe nani. Au anauliza? Hoza alipokuwa hai si alikuwa akipokea simu za wageni, akiwauliza hivyo hivyo? Lakini ile baridi je? Nani alimfundisha baridi, na hotipoti haikuwahi kupoa? Alijichukia kwa kuuliza, aliwachukia waliobuni uchafu huu, aliwachukia Bi Mafunda na Mbelwa na udi wao, na zaidi alijichukia kwa sababu kwa kitambo kidogo alitaka kukijibu kile kinyama jina lake.

"Imesema nini?" Mwantumu aliuliza.

Sihaba hakupata kujibu. Bi Mafunda alikuwa mlangoni, maji ya udhu hayajakauka usoni. "Mwanangu kaamka?"

Sihaba alikuwa ameshaamua, au alidhani ameamua. Uongo ulikuwa umekaa tayari ulimini, umevaa viatu: mama, pole, uji mliouziwa ulikuwa mbovu, umeiua. Akafungua kinywa.

"Mimi niliitia magadi," Mwantumu alisema.

Hapo pakawa hapakaliki. "Muuaji!" Mbelwa alipiga kelele mpaka muuza nyanya akachungulia. "Kikulacho ki nguoni mwako! Tunamlisha, tunamvisha, kumbe anamuua kaka! Leo hii serikali ya mtaa, leo hii polisi!" Bi Mafunda alikuwa ameshika kifua, anaita wee mwanangu wee, wee Hoza wangu. Mwantumu alisimama palepale ukutani. Hakulia. Alikuwa amechoka kupita mahali pa kulia.

"Kaa chini," Sihaba alimwambia Mbelwa.

"Nikae na muuaji?"

"Nimesema kaa! Hapa kwangu hapigi kelele mtu ila mimi." Akamgeukia bibi, na hasira iliyokuwa ikimchemka tangu hotipoti ilipofunguliwa ikafurika. "Mama, sikiliza. Haijafa. Nimeisafisha, laptop inaitambua, hata sasa hivi iko wazi. Lakini chagua moja. Kama huyu ni mwanao, basi mkwe wako alitaka kuua mtu, mpelekeni polisi, na mimi nitakuja kushuhudia magadi niliyoyaona. Kama si mwanao, basi mwanao alikufa, na eda ya huyu binti ilikwisha kitambo, na mnayomfanyia ni dhuluma. Hayawi yote mawili. Hamwezi kumfanya mtu kwa ajili ya kumfunga mkewe, halafu mkamfanya kitu kwa ajili ya kulishwa na mtumwa."

"Ni mwanangu!" Bi Mafunda alisema. "Nimemzaa!"

"Vyema. Ana njaa, hajala vizuri tangu magadi yaanze. Mlishe."

Akamimina uji wa waridi kwenye kisahani, akausogeza. Akalifunga kava la diski, kijimdomo juu, akachomoa visikizio, akaizungusha laptop ili spika itazame upande wa bibi. Udi ulikuwa umekwisha nguvu. Ulibaki ule uvundo peke yake, mnene, umejaa chumba kizima, na Mbelwa, mpiga kelele, tayari alikuwa ameziba pua kwa tai yake.

"Kidole cha shahada," Sihaba alisema. "Kichovye, ukitie hapo. Atakishika mwenyewe."

Bi Mafunda alichovya. Hapo lazima nimtendee haki, alichovya kweli, tena kwa mapenzi, si kwa kingine. Alikuwa mama. Usiku ngapi aliisikiliza sauti ile akijiambia mwanawe yuko chumba cha pili tu. Akakishusha kidole kwenye kile kijimdomo.

Nyama ikakishika.

Ilivuta kwa mlio, fyoo, fyoo, kama mtoto mchanga, ila mtoto ana joto na uso na macho ya kukutazama. Hii ilikuwa baridi na utelezi, na kipande cha kijivu ambacho mkasi ulikiacha kilijitenga, kikamganda bibi kwenye pete. Bi Mafunda alipiga ukelele, akakichomoa kidole, akakipangusa kwenye baibui, akakipangusa tena mezani, tena ukutani.

Spika ikakwaruza.

"Mama?"

Mbelwa alirudi nyuma hadi mlangoni.

"Mama, ni wewe?" Sauti ilikuwa na furaha. Hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote, ilikuwa na furaha. "Nimekijua kidole chako. Kuna pete. Mama, mbona giza?"

Sihaba alingoja. Kama bibi angesema, "Naam, mwanangu, niko hapa," na akakirudisha kile kidole, basi fundi angekubali alichokubali, angeshuhudia alichoona, na Mwantumu angekwenda alikopelekwa. Alikuwa ameshasema hivyo mbele ya watu, na alikuwa tayari kulitimiza neno lake likiwa chungu vyovyote.

Bi Mafunda aliutazama ule ufa wa waridi juu ya kava, ukifunguka na kufunga, ukitafuta kidole. Midomo yake ilicheza. Uso ulimkunjamana kwa kinyaa, kinyaa kile kile kilichokuwa kikimlaza Mwantumu macho usiku.

"Hapana, baba," alisema, kwa sauti ndogo ya mtu anayemrudisha mgeni mlangoni. "Umekosea. Si mimi."

"Mama?"

"Si mimi. Umekosea nyumba."

Akaunyosha mkono mwingine, ule mkavu, akaushika waya mwenyewe, Sihaba hakumgusa wala hakumsaidia, akauvuta. Taa ya kava ikafifia, ikazima. Laptop ikalia mlio wake mfupi wa kifaa kilichoondolewa.

Bi Mafunda alikuwa ameukunja mkono wenye uji kifuani, mbali na nguo, kama mkono wa mtu mwingine. Kisha akainua macho kumtazama mkwewe.

"Mwantumu," alisema. "Basi. Kafa. Eda yako tuihesabu kuanzia leo."

Mwantumu aliliondoa shuka kichwani. Nywele zake zilikuwa zimesukwa mistari mizuri, mibichi. Alijisuka mwenyewe, kwa siri, bila kioo. Alilikunja shuka lile taratibu, pembe kwa pembe, akaja akaliweka magotini pa Bi Mafunda.

"Yangu ilikwisha, mama," alisema. "Anza matanga yako."

Akavuka kizingiti, akatoka.